Mama anasema dawa zinamkausha mdogo wangu ubongo. Tuziache?

SWALI

Kamwene, na poleni na kazi.

Naishi Mafinga na mama yangu na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23. Alikuwa anafanya kazi ya kupakia mbao. Miaka miwili iliyopita aliacha kulala, usiku kucha anazunguka uani, anasema redio ya jirani inamtaja jina na waendesha bodaboda wanapeana ishara juu yake. Tulianza na maombi, tukaenda kwa mganga, mwisho tukafika hospitali. Wakasema ni skizofrenia. Akapewa haloperidoli ya miligramu 5 asubuhi na jioni, pamoja na Artane, ile ya kuzuia mwili usikakamae. Sauti zikapungua. Mwaka jana mwezi wa nane tuliona amepona, tukaacha dawa. Mwezi wa kumi akarudi palepale. Safari hii wakamwanzishia sindano ya kila mwezi, kwenye kadi imeandikwa flufenazini miligramu 25. Vidonge anaendelea navyo kama zamani, maana hakuna aliyetuambia aviache. Artane iliisha, ni miezi miwili sasa hatuipati.

Sauti hazisikii tena, lakini amekuwa kama gogo. Anatembea bila kurusha mikono, mate yanamtoka, uso umeganda. Akikaa kwenye benchi miguu haitulii, anakanyagakanyaga, anasimama, anakaa tena. Mama anasema dawa zinamkausha ubongo, na sindano ya mwezi huu haendi kuchomwa. Muuguzi alituambia kuwa kemikali ya ubongo imezidi. Kama imezidi, mbona haipimwi kwenye damu? Kuna chakula cha kuipunguza? Na kama sauti zimekwisha, kwa nini hana hamu ya kuoga wala ya kukaa na wenzake? Bangi anavuta mara mojamoja, na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, anakunywa. Mimi nina watoto wawili, naogopa damu yetu.

Dada mtu, Mafinga

JIBU

Kamwene, dada, na pole sana wewe na mama.

Tuanze na lililo la haraka. Sindano msiiache kwa kukata shauri nyumbani, lakini pia msiende kuchomwa tu na kurudi. Nendeni kliniki wiki hii bila kungoja tarehe. Bebeni kadi na vidonge vyote vilivyobaki, hata vile vilivyo kwenye vifuko visivyo na maandishi, mkaulize swali moja: "Anatumia sindano ya flufenazini 25 kila mwezi na bado anameza haloperidoli 10 kwa siku. Avitumie vyote?" Dawa hizi mbili zina majina tofauti lakini kazi yake ni ileile. Kwa kawaida vidonge huendelea kwa muda mwanzoni mwa sindano, kisha hupunguzwa na kuondolewa sindano inaposhika. Agizo la kuviondoa lisipoandikwa kwenye kadi, kila anayeichukua kadi ile huandika "endelea", na mgonjwa hubaki na dozi mbili. Kwa maelezo yako, tunadhani hapo ndipo penye shida.

Kwa hiyo mama hajakosea alichokiona. Ubongo haukauki, lakini mwili umekakamaa kweli, na kilichoukakamaza ni dawa. Tofauti yetu na yeye ni dawa ya kuuondoa huo ukakamavu. Yeye anasema acheni. Sisi tunasema ipunguzwe, na apunguze anayejua ngapi na kwa siku ngapi. Ili muelewane, lazima tuifungue ile kauli ya muuguzi.

Dopamini ni kemikali ambayo chembe moja ya neva huimwaga kwenye mwanya mwembamba, na chembe ya jirani huipokea kwa vipokezi vyake. Vinavyotuhusu hapa huitwa D2. Kusema "imezidi" ni kweli nusu. Haijazidi kichwa kizima kama maji yanavyofurika pipa. Katika skizofrenia, eneo la ndani la ubongo liitwalo striatamu hutengeneza na kumwaga dopamini kupita kiasi, tena kwa wakati usiostahili, huku sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuamua, ikidhaniwa kuwa na upungufu. Kemikali moja, huku nyingi, kule chache.

Kazi mojawapo ya dopamini ni kuutia kitu alama kwamba "hiki kinakuhusu". Mtu akiita jina lako katikati ya kelele za stendi unageuka, kwa sababu kengele ya ndani imelia. Sasa fikiria kengele hiyo inalia yenyewe, mara mia kwa siku, kwa vitu visivyo na maana yoyote. Bodaboda inapita, inalia. Mtangazaji anakohoa redioni, inalia. Akili ya binadamu haivumilii kengele isiyo na sababu, itatafuta sababu, na itakayoipata ni kwamba wale watu wananisema mimi. Ndiyo maana kubishana naye kuhusu redio hakukusaidia. Mlikuwa mnabishana na maelezo, na kengele ilikuwa bado inalia.

Haloperidoli, flufenazini na klopromazini huingia kwenye vipokezi vya D2 na kukaa humo kama funguo zisizofungua, dopamini ikija inakuta pamejaa. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, kabla mtu yeyote hajajua inavyofanya kazi. Arvid Carlsson wa Sweden ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1950, kwamba dopamini inabeba ujumbe wake yenyewe katika ubongo, na mwaka 1963 yeye na mwenzake wakapendekeza kwamba dawa hizi huziba vipokezi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Tatizo ni kwamba dawa haichagui mtaa. Dopamini ileile huendesha mwendo wa mwili, na ni upungufu wake katika njia hiyo unaowaletea wazee ugonjwa wa Parkinson. Ukiziba vipokezi mno, kijana wa miaka 23 anatembea kama mzee mwenye Parkinson: hatua fupi, mikono haiyumbi, uso umeganda, na mate yanatoka kwa kuwa hamezi mara nyingi kama zamani. Hilo ndilo gogo uliloliandika.

Kuna kipimo cha nyumbani. Mkalishe, mwambie alegeze mkono. Shika kifundo cha mkono wake kwa mkono wako mmoja, kiwiko kwa mwingine, kisha kunja na kunyoosha taratibu mara tano au sita. Mkono usio na shida hufuata kama kamba. Wenye shida hii hukupinga mwendo wote, na mara nyingi huenda kwa kukwamakwama, kama gurudumu lenye meno. Mpe pia kalamu aandike jina lake mara kumi. Herufi zikizidi kuwa ndogo kadiri anavyoandika, ichukue karatasi hiyo uende nayo.

Je, nafasi kati ya dozi inayotosha na inayozidi ni kubwa? Hapana, ni nyembamba. Mwaka 2000 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa wagonjwa 22 waliougua kwa mara ya kwanza, walioanzishiwa haloperidoli ya miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku. Nafuu ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi vipokezi vilipozibwa asilimia 65 na kuendelea. Ugumu wa mwili ulikuja vilipopita asilimia 78. Miili hutofautiana, na wapo wanaohitaji zaidi ya hapo, lakini ona: mdogo wako alikuwa na miligramu 10 kwa siku hata kabla ya sindano kuongezwa juu yake.

Ile miguu isiyotulia ni jambo jingine, na tunaomba ulishike kuliko yote tuliyoandika. Inaitwa akathizia. Mgonjwa anahisi kitu ndani kinamsukuma asikae, na ni mateso makali. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kudhani ugonjwa umepanda, akaongezewa haloperidoli, naye akazidi kuhangaika. Artane, ambayo jina lake la kitaalamu ni benzheksoli, hulegeza ukakamavu lakini kwa akathizia haisaidii sana. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza dozi, na daktari anaweza kuongeza propranololi kama kijana hana pumu. Mtaje pumu hata kama hamkuulizwa. Mtu mwenye akathizia kali anaweza kutamani kufa ili apumzike, basi muulize kwa upole kama mawazo hayo yanamjia, na dawa za kupulizia viazi na nyanya zifungieni kwenye chumba chenye kufuli kuanzia leo.

Artane ikipatikana, imezwe asubuhi, si usiku, maana huweza kumnyima usingizi. Hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usahaulifu, kwa hiyo si ya kumeza miaka kwa miaka. Dozi za haloperidoli na flufenazini zikishakaa sawa, pengine hataihitaji.

Sasa sindano yenyewe. Flufenazini hii imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta na hudungwa ndani kabisa ya msuli wa tako. Mafuta hukaa pale yakiachia dawa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Faida yake ni kwamba hakuna ugomvi wa kila asubuhi wa "umemeza?" "nimemeza". Hasara ni kwamba haitoki mwilini mara moja, na hapo ndipo familia nyingi hunaswa. Sindano ikiachwa, dawa hupungua polepole. Wiki ya tano au ya sita mwili unalegea, anatabasamu, anarusha mikono, mama anasema mmeona? Nilisema dawa ndizo zilizokuwa zinamuua! Wakati huo vipokezi vimeanza kubaki wazi. Mwezi mwingine au miwili baadaye usingizi unaanza kukatika, na hakuna anayeuhusisha na sindano iliyoachwa zamani. Kwenu mwaka jana vilikuwa vidonge vitupu, ambavyo huisha mwilini ndani ya siku chache, na bado ilichukua kutoka mwezi wa nane hadi wa kumi ugonjwa kurudi. Kupona kwake Agosti kulikuwa kupona kwa dawa.

Watafiti waliojumlisha majaribio mengi na kuchapisha mwaka 2012 walikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja, kati ya wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 ugonjwa uliwarudia. Kati ya 100 waliohamishiwa kidonge kisicho na dawa ndani yake, ulirudia 64. Kwa anayeugua mara ya kwanza, hushauriwa aendelee angalau mwaka mmoja baada ya dalili kwisha. Mdogo wako ameshaugua mara mbili, kwa hiyo hesabuni miaka kadhaa, kwa dozi ndogo kabisa inayomshikilia. Dozi ndogo si sawa na dozi iliyoachwa.

Kuhusu kupima damu, hakuna kipimo hicho. Kuna ukuta kati ya damu na ubongo unaozuia dopamini kuvuka, kwa hiyo iliyo kwenye damu haikuambii iliyo kichwani. Picha zinazoweza kuionyesha ni za utafiti, si za kliniki. Ukuta huohuo ndio unaojibu swali la chakula. Ndizi za Tukuyu zina dopamini, nyingi zaidi kwenye ganda, lakini ukila mkungu mzima haitaingia kwenye ubongo. Ale kama kawaida, wala msinunue unga wowote wa "kusafisha ubongo".

Vipimo vinavyostahili ni vya magonjwa yanayoweza kuiga skizofrenia: VVU, kaswende, malaria, sukari. Na kwa mikoa yetu hii ya wafuga nguruwe tunaongeza tegu. Mayai ya mnyoo huyu yakiingia mwilini kwa maji, mboga au mikono michafu, viluwiluwi vyake huweza kujikita kwenye ubongo vikaleta degedege, maumivu ya kichwa na hata kuchanganyikiwa. Kama mdogo wako amewahi kuanguka na kukakamaa au kujikojolea, mwambieni daktari, anaweza kumwandikia picha ya kichwa.

Ulilouliza kuhusu kuoga na kukaa na watu ndilo gumu zaidi, na hapa dawa tulizonazo ni dhaifu. Kengele ya uongo huzimwa kwa kuziba D2. Kukosa hamu kunatoka kwingine, kwenye ile sehemu ya mbele ya ubongo, na kemikali nyingine iitwayo glutamati inashukiwa sana. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, huziba kipokezi cha glutamati, na mtu asiye mgonjwa akipewa kidogo hupata kwa saa chache dalili za aina zote mbili, kusikia na kuona ajabu pamoja na kunyauka hamu. Dopamini peke yake haielezi ugonjwa wote. Dawa ikizidi nayo huzima hamu, na huzuni pia huizima, kwa hiyo subirini dozi irekebishwe kabla ya kusema huyu ndivyo alivyo sasa.

Wakati huo msimwite mvivu. Mpeni kazi moja, fupi, saa ileile kila siku: maji ya kuoga yakiwa tayari saa nne jua likishapasha uani, kisha akachanje kuni kumi. Kumi, si "chanja kuni". Mtu ambaye sehemu ya kupanga imelegea hukwama kwenye kazi isiyo na mwisho unaoonekana. Akimaliza mwambieni asante, basi. Nyumba yenye lawama na makelele humrudisha mgonjwa hospitali upesi zaidi, hilo limechunguzwa nchi nyingi.

Jambo jingine huenda hatakuambia wewe, dada yake. Dawa hizi huziba pia dopamini inayoizuia homoni ya prolaktini, nayo ikipanda mwanamume hupungukiwa nguvu za kiume au huvimba matiti. Vijana wengi hutupa vidonge chooni kwa sababu hii, huku nyumbani wakiapa wamemeza. Mjomba, shemeji au muuguzi wa kiume amuulize wakiwa wawili. Ikiwa ipo, kuna dawa za kubadilishia. Risperidoni na olanzapini kwa dozi ya kawaida hukakamaza kidogo kuliko hizi, ingawa risperidoni nayo hupandisha prolaktini, na olanzapini hunenepesha na kuchokoza sukari. Zisipopatikana wilayani, ombeni barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au Mirembe, Dodoma.

Bangi aache kabisa, hata hiyo ya mara mojamoja. Inaichokoza kengele ileile mnayolipa nauli kila mwezi kuizima. Ulanzi hauleti skizofrenia, lakini juu ya dawa hizi humlaza mtu kupita kiasi, na mnywaji husahau tarehe ya kliniki. Ulanzi wa siku tatu ni mkali kuliko mtamu wa asubuhi, naye asidanganywe na jina moja. Maombi yaendelee, hayagombani na sindano. Mganga akisema dawa za hospitali ziachwe kwanza, hapo msimfuate, wala msikubali afungwe kamba.

Watoto wako. Katika jamii kwa ujumla, mtu 1 hivi kati ya 100 hupata ugonjwa huu maishani. Hesabu zilizokusanywa Ulaya zinampa ndugu wa tumbo moja takriban 9 kati ya 100, na mpwa takriban 4. Maana yake wapwa 96 kati ya 100 hawaugui. Unachoweza kukifanya kwa wanao ni kuwaweka mbali na bangi wakifika umri wa ujana.

Msingoje kliniki, nendeni hospitali saa hiyohiyo, mkiona homa pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Hiyo ni sumu ya dawa, asipewe dozi nyingine hata moja. Shingo ikipinda ghafla, macho yakipanda juu au ulimi ukitoka usirudi, huo nao si pepo, ni misuli iliyobanwa na dawa, na kwa sindano ya prometazini au ya jamii ya Artane huachia ndani ya dakika chache hadi nusu saa. Na akianza kusema sauti zinamwamuru amdhuru mtu au ajidhuru, asiachwe peke yake.

Nunua daftari la kurasa 40. Andika tarehe ya kila sindano na tako lililochomwa, vidonge vya siku, saa alizolala, uzito wa kila mwezi, na kama miguu ilitulia. Usingizi ndio wa kuutazama zaidi. Usiku tatu mfululizo chini ya saa nne, msisubiri tarehe.

Siku ya kliniki mama naye aende, na aingie ndani, asibaki kwenye benchi la nje. Mwombeni muuguzi akunje kiwiko cha kijana mbele yake, kisha mama mwenyewe aushike mkono huo na kuusikia unavyokwama. Mwezi unaofuata, dozi ikishapunguzwa, aushike tena.